Mji Mkongwe, Mji wa Kale au Lamu: ziara ipi ya miguu imfae msomaji wa fasihi ya Kiswahili?

Mwalimu anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake wa fasihi pwani, familia yenye siku chache za likizo, na msomaji aliyeijua pwani kwa vitabu pekee hukutana na swali moja: kati ya Mji Mkongwe wa Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa na mji wa Lamu, ni upi wa kuutembea kwa miguu pamoja na mtembezaji, ikiwa fedha na muda vinatosha kwa mmoja tu? Matangazo ya ziara hayasaidii sana kulijibu, kwa sababu yote huahidi mambo yale yale: vichochoro, milango ya nakshi, viungo, kahawa na machweo. Mambo hayo yapo kweli katika miji yote mitatu, na kwa sababu hiyo hayawezi kuwa kigezo cha kuchagulia.

Kigezo ninachokipendekeza ni maandishi. Unguja ni mji wa nathari na taarabu, Mombasa ni mji wa shairi la majibizano, na Lamu ni mji wa utenzi. Mpaka huo hauzuii chochote, maana tungo zilisafiri kwa jahazi kama bidhaa nyingine na washairi wa mji mmoja waliwajibu wa mji mwingine. Lakini unaeleza kwa nini mtu huyohuyo anaweza kurudi kutoka mji mmoja ameshiba na kutoka mwingine ameona majengo tu. Anayependa riwaya ataichoka Lamu mapema ikiwa hakusoma utenzi hata mmoja kabla ya kwenda, na anayeupenda ushairi atapita Mji Mkongwe bila kujua kwamba mambo aliyoyatafuta yako upande wa pili wa barabara, nje ya ramani ya ziara.

Unguja: mji wa nathari

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kati ya miji mitatu ndio wenye ziara zilizozoeleka zaidi. Njia ya kawaida huanzia soko la Darajani, hupita Mkunazini kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, huingia Hamamni kwenye mabafu ya enzi ya Sultani Barghash, kisha huteremkia Shangani na Forodhani, penye Ngome Kongwe na majumba ya kifalme yanayoikabili bahari. Mtu mwenye afya ya kawaida huimaliza kwa takriban saa tatu. Kwa anayetaka kuujua mji kwa jumla, hakuna ubaya katika njia hiyo. Anapaswa tu kujua mapema kwamba Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na ambalo bado linapamba picha nyingi za matangazo, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili; ziara inayoahidi kumwingiza mgeni ndani yake yafaa iulizwe maswali kabla ya kulipiwa.

Ziara ya kifasihi hufuata takriban njia hiyohiyo lakini husimama mahali pengine na kusema mambo mengine. Chukua nyumba ya Tippu Tip kule Shangani. Katika ziara ya jumla mgeni huonyeshwa mlango, akaambiwa kwamba mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, na safari ikaendelea. Hayo ni kweli, lakini yanaacha jambo kubwa: mtu huyo, Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyefariki mwaka 1905, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, na maandishi hayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa za lugha yetu. Msomaji wa Kongo ambaye anajua jinsi misafara ya mtu huyu ilivyoisukuma lugha hadi Kasongo na Manyema ana sababu ya pekee ya kusimama mbele ya mlango ule, na ana haki ya kusikia pande zote mbili za habari, ukatili wa biashara ile na uzito wa maandishi yale, bila moja kufunikwa kwa ajili ya jingine.

Kutoka hapo nathari ya Unguja hufunguka kila upande. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake, alizoziandika kwa Kijerumani akiitwa Emily Ruete, zilitoka mwaka 1886. Ndizo zinazotuonyesha maisha ya ndani ya majumba yale kwa jicho la mwanamke aliyelelewa humo. Askofu Edward Steere, aliyezikwa ndani ya kanisa la Mkunazini, alikusanya hadithi zilizosimuliwa na watu wa mjini na kuzichapisha mwaka 1870, na kwa hiyo kanisa hilo, ambalo wengi hulitembelea kwa habari za utumwa tu, ni mahali pa historia ya uandishi pia. Bandari ya Malindi ndiyo mandhari ya mgomo wa makuli wa mwaka 1948 ambao Adam Shafi aliujengea riwaya yake ya Kuli. Malindi hiyohiyo ni mtaa alikokulia Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa mwaka 1948 na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021.

Kuhusu Gurnah napenda kutoa tahadhari, kwa kuwa tangu tuzo hiyo jina lake limekuwa chambo. Riwaya yake ambayo wasomaji wa Kiswahili wameipata katika lugha yao, Peponi, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, haifanyiki katika vichochoro vya Mji Mkongwe; mwendo wake ni wa pwani ya bara na safari ya kuingia ndani wakati wa kuja kwa Wajerumani. Mtembezaji akikuonyesha kona fulani na kudai kwamba ndipo mambo ya kitabu hicho yalipotokea, umekwisha kujua kwamba hakukisoma.

Upungufu mkubwa wa ziara za Unguja, za jumla na za kifasihi, ni kwamba nyingi hukomea Darajani na haziivuki barabara iliyofuata mkondo wa maji wa zamani kuingia Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida iliyo nje ya Mji Mkongwe. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, alipohamia mjini hakuishi katika majumba ya mawe. Umaarufu wake ulikulia Ng'ambo, na kutoka huko alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri zilizoivusha taarabu ya Kiswahili kutoka majumba ya masultani hadi vibarazani kwa watu wa kawaida. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi anamkuta Siti mara mbili, kama mtunzi na kama mhusika wa kitabu. Ziara inayomtaja Siti huku imesimama Forodhani peke yake imemweka mahali pasipokuwa pake. Ikiwa utachagua Unguja, dai saa moja ya Ng'ambo hata kama itabidi kuacha soko la viungo, na jioni ulizia mazoezi ya vikundi vya taarabu. Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club kina makao yake Vuga.

Mombasa: mji wa shairi

Mombasa hutembelewa vibaya kuliko miji mingine miwili. Wageni wengi hulipa kiingilio cha Fort Jesus, hupiga picha juu ya kuta, kisha hurudi hotelini wakiamini wameuona Mji wa Kale. Ngome hiyo, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2011, inastahili kutazamwa kwa makini, lakini mji uliokuwa ukiishi nje ya lango lake ndio uliokuwa ukitunga.

Mtunzi wa kumfuata hapa ni Muyaka bin Haji, aliyezaliwa karibu mwaka 1776 na kufariki karibu 1840. Wahakiki wamezoea kusema kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, na mtu anayetoka Ndia Kuu, njia kuu ya Mji wa Kale, kuelekea bandari ya zamani huelewa kwa miguu yake maana ya kauli hiyo: umbali kati ya msikiti, gati la majahazi, nyumba za wafanyabiashara na ngome ya watawala ni wa dakika chache tu. Katika mji wa namna hiyo habari haikuhitaji mjumbe. Shairi la mapenzi, la bei ya bidhaa, la kumsifu mtawala wa Kimazrui, ukoo uliotawala Mombasa wakati huo, au la kumkebehi adui lilizunguka mji mzima kabla ya jua kuzama. Ngome yenyewe nayo huonekana tofauti ukiitazama kutoka kwa Muyaka. Unaacha kuuliza Wareno waliijengaje, unaanza kuuliza Wamazrui waliokuwa ndani yake walisikia nini kutoka nje, hadi Sultani Said alipouondoa utawala wao mwaka 1837.

Uzi huo wa ushairi na siasa haukukatika. Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya maandishi ya kuikosoa serikali ya Kenya huru. Hakufungwa katika ngome hii, ila mashairi aliyoyatunga gerezani, yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yamejengwa kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na kwa bahari za ushairi alizozirithi katika mji huu. Nduguye Ahmad Nassir alikuwa naye malenga, na mashairi yake yaliingia katika taarabu kwa sauti ya Juma Bhalo. Mtembezaji mzuri wa Mombasa anaweza kuanza na Muyaka, kupita kwa ndugu hawa wawili na kufika kwenye nyimbo ambazo mzazi wako alizisikiliza redioni, bila kutoka nje ya eneo la saa mbili za kutembea.

Mapungufu yapo. Majengo mengi ya Mji wa Kale wa Mombasa yamebadilishwa au kubomolewa kuliko yale ya Lamu na Unguja, waya za umeme zimefunika vibaraza, na magari hupita Ndia Kuu. Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuwa wa mwaka 1570, bado upo na bado unasaliwa, lakini kwa Muyaka mwenyewe hakuna kitu kikubwa cha kuguswa kwa mkono. Mombasa humtegemea sana mtembezaji: akijua mashairi, ziara ni ya thamani kuliko zote tatu kwa bei ya muda uliotumia, asipoyajua, utakuwa umetembea katika mtaa wa kawaida wenye joto.

Lamu: mji wa utenzi

Lamu iliingia katika urithi wa dunia mwaka 2001, na ndipo penye uhusiano wa karibu zaidi kati ya maandishi na jengo. Kwa ajili hiyo nitakaa hapa zaidi.

Mtu husoma Al-Inkishafi shuleni, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, akakutana na habari za majumba ya Pate, mji wa kisiwa cha jirani, yaliyoanguka, ya vyumba vilivyokuwa na taa na wageni, na ya zidaka, vishubaka vya ukutani, zilizokuwa zikipangwa vyombo vya kauri na sasa zimekuwa viota vya ndege. Katika darasa la Dodoma au Kisumu, zidaka hubaki kuwa neno la kukariri kwa ajili ya mtihani. Katika makumbusho ya Nyumba ya Waswahili ya Lamu, mgeni huingia kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, akapita kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, akaingia msana wa tini na kisha msana wa yuu, kumbi mbili zinazofuatana, na mwisho kabisa, mbele ya chumba cha ndani, ukuta mzima wa zidaka za chokaa umesimama safu kwa safu. Hapo ndipo mtu anapoona kilichopotea Pate. Utungo ambao ulikuwa mawaidha ya jumla kuhusu dunia unageuka kuwa maombolezo ya nyumba mahsusi, ya watu waliojua gharama ya kila kidaka. Sijui njia nyingine ya kumfundisha mwanafunzi utungo ule inayofikia nusu saa hiyo.

Utendi wa Mwana Kupona nao husomeka upya ndani ya nyumba. Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, akaolewa na Sheikh Mataka wa Siu, aliyepambana na utawala wa Unguja, na mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, akamtungia binti yake Mwana Hashima wosia. Wapo wanaousoma utendi huo kama amri za utii kwa mume, na wapo wanaoona ndani yake maarifa ya mwanamke aliyeishi karibu na madaraka na kujua jinsi ya kuyakabili. Mjadala huo hauwezi kukatwa na ziara ya saa mbili. Lakini anayeona jinsi nyumba ya Kiamu ilivyopangwa, kutoka barazani kwa wageni wa kiume hadi ndani kwa wanawake, na jinsi wikio zilivyoziunganisha baadhi ya nyumba juu ya njia, anaelewa kwamba mama yule alikuwa anazungumza kutoka katika mahali penye mpaka wake, penye siri zake na penye nguvu zake. Ikiwa katika kundi lenu wamo wanawake, ombeni mapema mtembezaji wa kike kwa sehemu hii. Kuna mambo ya ndani ya nyumba ambayo mwanamume wa Lamu, hata akiwa mjuzi, kwa adabu hatayasema.

Kisha kuna uandishi ambao haujawa historia. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Saleh aliyetoka Ngazija, umeifanya Lamu kuwa kitovu cha Maulidi ambayo kila mwaka huwavuta watu kutoka pwani nzima, na hati zake za mkono zimepigwa picha za kidijitali kwa mradi ulioungwa mkono na Maktaba ya Uingereza, hivyo msomaji anaweza kuziangalia kwenye intaneti kabla ya kusafiri. Tenzi bado zinatungwa, na watu bado wanazighani. Ziara nzuri ya Lamu ni ile inayopanga jioni moja ya kusikiliza tu.

Majengo mengine yapo karibu: ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 baada ya vita vya Shela, kijiji cha jirani, makumbusho ya Lamu ufukweni, na ofisi ndogo ya zamani ya posta ya Wajerumani. Hakuna haja ya kuyapa siku nzima. Yaliyo mengi yako kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, au hatua chache kutoka hapo.

Lugha ya ziara na mtu anayeiongoza

Hili ndilo jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili hulisahau, labda kwa sababu tumezoea kuona ziara kama biashara ya wageni wa mbali. Ziara hizi hutolewa kwa Kiingereza, Kiitaliano, Kifaransa na Kijerumani, na mara nyingi Mtanzania au Mkenya akijiunga na kundi huongozwa kwa Kiingereza kama wengine. Usikubali. Lipia ziara ya kundi lako ikiwezekana, na useme tangu mwanzo kwamba mnataka Kiswahili. Tofauti inazidi starehe ya kusikia. Mtembezaji anapozungumza Kiingereza hutoa maelezo aliyoyakariri, yenye tarehe na mshangao katika sehemu zilezile kila siku. Anapozungumza Kiswahili na watu wanaokijua, hukumbuka methali ya bibi yake, hubishana na mzee aliyeketi barazani kuhusu jina la nyumba, na beti hutoka bila kuombwa.

Kwa upande huu miji hailingani. Unguja ndiyo rahisi zaidi kwa msikilizaji wa bara, kwa kuwa Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mombasa haitamsumbua mtu, ingawa mashairi ya Kimvita yanahitaji ufafanuzi wa maneno. Lamu inataka maandalizi: mazungumzo utayafuata, lakini tenzi za Kiamu, lahaja ya Lamu, zikighaniwa kwa kasi ya kawaida zitampita hata mwalimu wa lugha, na mtembezaji anapaswa kuwa tayari kusimama na kufafanua ubeti kwa ubeti. Peleka nakala ya tungo mkononi. Kundi linalosoma ubeti mmoja kwa sauti, kisha likaulizana maana yake huku limesimama mahali panapohusika, hupata zaidi ya kundi lililoonyeshwa vituo ishirini.

Kumpima mtembezaji kabla ya kumlipa si vigumu. Unguja, muulize kuhusu vyumba vya chini vinavyoonyeshwa karibu na kanisa la Mkunazini kama mahali walipofungiwa watumwa. Wapo wanahistoria wanaolitilia shaka dai hilo, kwa kuwa jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Mtembezaji anayekuambia kwamba kuna mabishano, kisha akakueleza kwa nini mahali pale bado panastahili heshima kwa sababu soko lenyewe lilikuwepo na watu waliuzwa, ni mtu wa kumwamini kwa mengine yote. Mombasa, muombe ubeti wowote wa Muyaka. Lamu, muulize tofauti ya Mkomani na Langoni, sehemu mbili za mji huo, na usikilize kama atakujibu kwa majengo tu au kwa historia ya watu. Katika miji yote mitatu, omba kitambulisho cha kazi. Kule Unguja watembeza wageni husajiliwa na Kamisheni ya Utalii, na kumkubali papasi, mtembezaji asiyesajiliwa, aliyekudaka bandarini kwa sababu bei yake ni ya chini huwanyima kazi waliosoma na kusajiliwa.

Njia, mwili na mfuko

Unguja hufikiwa kwa boti ya takriban saa mbili kutoka Dar es Salaam au kwa ndege. Mombasa ina reli ya SGR kutoka Nairobi tangu 2017, mabasi na ndege, na ndiyo nafuu kuifikia kwa kundi kubwa la wanafunzi wa Kenya. Lamu ndiyo ya mbali kwa kila mtu: ndege hutua kisiwa cha Manda na basi hukomea Mokowe, na kutoka kote kuwili lazima boti. Gharama ya Lamu, kwa hiyo, imo katika kufika na kulala kuliko katika ziara yenyewe.

Mzee au mtu mwenye shida ya magoti atahudumiwa vizuri zaidi Mombasa, ambako tuktuk inaweza kumfikisha karibu na kila kituo. Unguja magari hukomea pembezoni na vichochoro vina baiskeli na pikipiki zinazokuja bila taarifa. Lamu punda ndio wabebaji, njia zina mawe yasiyo sawa, na nyumba zina ngazi nyembamba zisizo na pa kushika. Asiyeweza kupanda atayakosa yale niliyoyasifu hapo juu.

Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, haufai katika mji wowote kati ya hii. Mwezi wa Ramadhani unafaa kwa aliye tayari kutembea asubuhi mapema na kukaa na wenyeji baada ya futari, na haufai kwa anayetaka kula na kunywa njiani. Februari, Ngome Kongwe ya Unguja huwa na tamasha la Sauti za Busara, ambalo ni zuri kwa muziki na baya kwa ziara ya utulivu. Maulidi ya Lamu, kinyume chake, ni sehemu ya fasihi yenyewe, na anayekwenda wakati huo aweke nafasi ya kulala miezi kadhaa kabla.

Kuhusu viingilio, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, yanayosimamia Fort Jesus na majengo ya Lamu, huwatoza raia na wakaazi wa Afrika Mashariki kiasi cha chini kuliko wageni wengine, kwa hiyo beba kitambulisho. Uliza kila mara kama bei uliyopewa inajumuisha viingilio, boti na chakula, na uandikiwe. Watu sita au wanane ndio wingi unaofaa kwa mtembezaji mmoja. Darasa la wanafunzi arobaini ligawanywe, la sivyo walio nyuma watasikia kelele za njia tu. Mavazi yawe ya kusitiri, viatu viwe vya kuvuka mawe, na picha za watu, hasa wanawake waliokaa milangoni mwao, ziombewe ruhusa.

Nani aende wapi

Wanafunzi wa sekondari na vyuo wanaosoma riwaya waende Unguja, kwa sharti la Ng'ambo. Familia yenye watoto nayo ichague Unguja, kwa kuwa vituo ni vingi na mtoto hachoki. Mtunzi wa mashairi, mwandishi wa habari, au mtu anayependa kuona jinsi lugha ilivyotumika kama silaha katika siasa, aende Mombasa, na atumie muda wa maandalizi kutafuta mtembezaji kuliko kutafuta hoteli. Mwenye siku moja tu kati ya shughuli nyingine aende Mombasa pia. Lakini anayefundisha ushairi wa kale, anayeandika tasnifu, au msomaji yeyote aliyewahi kuguswa na utenzi mmoja na akataka kujua ulitoka katika chumba cha namna gani, asikubali kupewa mji mwingine badala ya Lamu, hata ikibidi kungoja mwaka mzima akiweka akiba.

Kwa watakaobahatika kupata miji miwili, jozi ninayoipendelea ni Lamu na Mombasa, na iwe kwa mpangilio huo. Vita vya mwanzoni mwa karne ya 19, vilivyoishia Shela kwa Mombasa na Pate kushindwa na Lamu, vilipiganwa kwa mashairi pia: Muyaka kwa upande wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi kwa upande wa Lamu ni miongoni mwa waliorushiana tungo za vitisho, dhihaka na majigambo kuvuka bahari. Anza Shela, mwendo wa dakika arobaini hivi kutoka mjini Lamu kwa kufuata ufukwe, usome upande wa walioshinda ukiwa umesimama karibu na mchanga ambako jeshi lilitua. Kisha uteremke hadi Mombasa, na ukifika Ndia Kuu mwombe mtembezaji wako akusomee upande wa pili.